Wanaonunua Ferrari Kuukuu Mnadani Wananunua Nini Hasa?

Mwezi wa Agosti 2025, katika mnada wa Monterey, jimbo la California, Ferrari aina ya Daytona SP3 iliuzwa kwa dola milioni 26, kiasi ambacho kwa viwango vya sasa kinazidi shilingi bilioni 3 za Kenya. Habari hiyo ilifika kwenye simu zetu hapa Nakuru kabla ya vumbi la mnada kutulia, na maoni yaliyofuata yakagawanyika kama yanavyogawanyika kila mara. Wapo waliosema kwamba matajiri wa ng'ambo wamepungukiwa na akili. Wapo pia walioona huo kuwa ushahidi kwamba gari la Kiitaliano halishuki thamani, na kwamba Mkenya mwenye akiba yake afadhali atafute Alfa Romeo ya zamani kuliko kununua ploti Kiamunyi, pembezoni mwa mji wetu. Kwa maoni yangu makundi haya mawili, ingawa yanabishana, yamejikwaa mahali pamoja: yote yanadhani kwamba kinachopiganiwa katika minada hiyo ni gari. Anayefuatilia biashara hii kwa makini ataona kwamba fedha nyingi hulipwa kwa ajili ya historia iliyothibitishwa kwa nambari na karatasi, na kwamba uthibitisho huo ukikosekana, rangi nyekundu na injini inayonguruma humsaidia muuzaji kidogo sana.

Gari la Monterey lenyewe inafaa tuliondoe kwenye hoja mapema, kwa kuwa ndilo lililopotosha mjadala. Halikuwa la kale hata kidogo. Lilikuwa jipya, limetengenezwa na kiwanda kwa namna ya pekee ili linadiwe kwa ajili ya wakfu wa hisani wa Ferrari unaofadhili elimu. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye harambee ya kanisa akaona jogoo akinadiwa kwa shilingi elfu ishirini anajua kwamba bei ile haikuwa ya jogoo, na hakuna mfugaji wa Njoro aliyewahi kurudi nyumbani akapandisha bei ya kuku wake kwa sababu hiyo. Kuichukua dola milioni 26 kuwa kipimo cha soko la magari ni kufanya kosa la mfugaji ambaye bado hatujamwona.

Soko halisi la magari ya michezo ya Kiitaliano ya zamani lina alama zake, na iliyo kubwa kuliko zote ni Ferrari 250 GTO. Kati ya mwaka 1962 na 1964 yalitengenezwa magari 36 tu ya aina hiyo, na bei yake yakiwa mapya ilikuwa takriban dola 18,000. Mwaka 2014 moja liliuzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams kwa dola milioni 38.1, mwaka 2018 jingine likauzwa na nyumba nyingine ya mnada, RM Sotheby's, huko Monterey kwa dola milioni 48.4, na Novemba 2023, jijini New York, jingine likafika dola milioni 51.7. Februari 2025, jijini Paris, Ferrari 250 LM iliyokuwa mali ya jumba la makumbusho la Indianapolis iliuzwa kwa karibu euro milioni 34.9. Hiyo ya mwisho inaeleza mengi. Ndilo gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1965, na baada ya ushindi huo Ferrari haikushika tena nafasi ya kwanza Le Mans mpaka mwaka 2023. Ziko 250 LM nyingine zenye injini na bodi za namna ileile, lakini iliyovuka mstari mbele ya nyingine zote siku ile ni moja, na hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza ya pili.

Mfano unaonishawishi zaidi, hata hivyo, ni wa gari ambalo haliwezi kutembea. Agosti 2023, huko huko Monterey, uliuzwa mzoga wa Ferrari 500 Mondial ya mwaka 1954. Gari hilo lilikuwa limepata ajali na kuungua katika miaka ya 1960, kisha likahifadhiwa kwa miongo kadhaa bila kutengenezwa. Kilichowekwa jukwaani kilikuwa mabati yaliyokunjamana, yenye kutu, yasiyo na umbo linalotambulika kwa haraka; injini iliyoandamana nayo haikuwa ile iliyotoka nayo kiwandani, ila giaboksi ilikuwa ya asili. Mzoga huo ulilipiwa dola milioni 1.875. Mnunuzi wa chuma chakavu katika mtaa wetu wa viwanda angeuweka kwenye mizani na kutoa bei kwa kilo, wala asingekuwa mjinga, kwa kuwa yeye hununua chuma. Aliyelipa mamilioni alinunua nambari ya chasisi ambayo kumbukumbu za kiwanda na za mashindano zinaitambua. Kutokana na nambari hiyo, mafundi wa Italia wanaweza kulijenga upya gari lote, na litakuwa gari lilelile machoni pa soko. Ilhali fundi huyohuyo akilijenga gari la namna hiyo kwa ustadi uleule bila nambari, ametengeneza nakala.

Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa. Ukienda siku ya kukagua magari katika yadi ya dalali hapa Nakuru, yale yaliyotwaliwa na benki kwa sababu ya mikopo, utamwona mnunuzi mzoefu akipita rangi na viti bila kuvitazama sana. Huinamisha kichwa chini ya boneti, akasugua ubavu wa injini kwa kitambaa chenye petroli mpaka nambari itokeze, akaimulika kwa tochi ya simu, kisha akaisoma tarakimu kwa tarakimu huku mwenzake akiifuatisha kwenye nakala ya logbuku. Akikuta tarakimu moja haipatani, huondoka. Anayeinama kwenye jukwaa la Monterey hufanya kazi ileile, ila sababu zao hazilingani. Mnunuzi wa Nakuru anaogopa gari la wizi au kesi ya umiliki. Nambari kwake ni kinga dhidi ya hasara. Mnunuzi wa Ferrari anaogopa hayo pia, lakini kwake nambari ndiyo yenyewe mali, na injini ya asili ikitolewa na kuwekwa nyingine iliyo bora zaidi, thamani hushuka badala ya kupanda. Hapa ndipo hekima ya mafundi wetu na hekima ya minada ile zinapopingana kabisa. Kwa miaka mingi fundi wa Shabab hapa Nakuru au wa Kibuye kule Kisumu amemshauri mteja wake atoe injini iliyochoka ya gari la Ulaya na kuweka ya Toyota, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana na gari litarudi barabarani wiki hiyohiyo. Kwa mtu anayetaka kufika Kisumu na kurudi, huo ni ushauri mzuri. Kwa gari ambalo siku moja lingeweza kuitwa la kihistoria, ni hukumu.

Utaratibu wa minada yenyewe nao haueleweki vizuri. Bei zinazotangazwa magazetini huwa na ada ya mnunuzi ndani yake. Ile GTO ya New York ilipigiwa nyundo kwa dola milioni 47, na ada ya nyumba ya mnada ndiyo iliyoipandisha hadi milioni 51.7, maana yake ni kwamba takriban shilingi milioni 600 za Kenya hazikuwa bei ya gari wala hazikwenda kwa muuzaji. Zaidi ya hayo, muuzaji huweka kiwango cha chini cha bei anachoweza kukubali, ambacho wazabuni hawaambiwi, na pengine nyumba ya mnada humhakikishia kiasi fulani kabla ya siku yenyewe, hivyo inakuwa na maslahi yake katika jinsi mnada utakavyokwenda. Nyundo nayo inahitaji watu wawili tu wanaolitaka gari moja usiku mmoja. Mmoja wao akichelewa ndege, bei hiyo inayosemwa kuwa ya soko ingekuwa nyingine. Makadirio yaliyotolewa kabla ya mnada ule wa New York yalivuka dola milioni 60, na kwa hiyo bei iliyoshangaza ulimwengu iliwavunja moyo baadhi ya waliokuwa ukumbini. Tena katalogi yenye picha nzuri si hati ya umiliki. Ferrari 375 Plus iliyouzwa Goodwood, Uingereza, mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 10 iliishia mahakamani kwa mabishano ya umiliki, kwa sababu gari hilo liliwahi kuibwa Marekani miaka mingi kabla. Ikiwa mnunuzi mwenye mawakili wa London anaweza kununua kesi, anayebofya kitufe cha zabuni kutoka mtaa wetu wa Milimani ana sababu ya kutuliza kidole.

Wanaotetea magari haya kama uwekezaji wana hoja nzuri, na si haki kuzipuuza. Idadi haiongezeki: GTO zilikuwa 36 na zitabaki 36 au kupungua. Uthibitisho umeimarika, kwa kuwa tangu mwaka 2006 Ferrari yenyewe ina idara ya Classiche kule Maranello, mji wa Italia kilipo kiwanda chake, inayokagua magari ya zamani, kuyalinganisha na kumbukumbu za kiwanda na kuyatolea cheti. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilikwenda mbali zaidi ikaitambua 250 GTO kuwa kazi ya sanaa isiyoruhusiwa kunakiliwa kibiashara. Kitu kichache, kinachotambulika duniani kote na kulindwa na sheria, kina kila sababu ya kuwa ghali. Hoja hii naikubali bila shida, mradi isivutwe kupita mipaka yake.

Inavutwa pale mtu anaposema kwamba kwa kuwa GTO zimepanda, basi nunua gari lolote la Kiitaliano la zamani usubiri. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kwa kasi zaidi. Kwanza, inahesabu washindi tu. Maserati Biturbo ilizinduliwa mwaka 1981 na imekuwa ya kale kwa muda wa kutosha, ina jina kubwa na nembo ya kuvutia, lakini imebaki gari la bei ya chini linaloogopwa kwa matatizo yake. Ferrari 400 za viti vinne nazo hazijasogea hata karibu na ndugu zake wa miaka ya 1960. Umri peke yake haujengi thamani, na nembo peke yake pia haitoshi. Pili, inasahau kwamba hata washindi huanguka. Mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya kifo cha Enzo Ferrari, soko likiwa limepandwa na wazimu, GTO moja iliripotiwa kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni 13; miaka michache baadaye magari ya aina hiyohiyo yalipatikana kwa chini ya dola milioni 4. Aliyenunua kileleni alihitaji subira ya miongo, na fedha za kukaa akisubiri. Tatu, inasahau kwamba gari hula. Ploti ya Kiamunyi ikikaa miaka kumi bila kuguswa huota nyasi, na nyasi zinakatwa kwa panga. Ferrari Testarossa ikikaa muda huo, mikanda ya injini huzeeka hata kama gari halijatembea kilomita moja, na ili kuibadilisha inabidi injini nzima ishushwe kutoka kwenye gari. Sili hukauka, tangi huota kutu, waya hupoteza mguso. Nyumba ya kupanga huleta kodi kila mwezi. Gari la kale huleta ankara, na ankara hizo zikipotea, hata matengenezo yaliyofanywa kwa uaminifu hayatahesabiwa siku ya kuuza.

Kuhusu wale wanaosema ni wazimu tu, nitasema machache. Ikiwa wanalalamika kwamba ni aibu mtu mmoja kulipa bilioni sita kwa gari wakati hospitali hazina dawa, hilo ni lalamiko la kimaadili na lina nafasi yake, ila linahusu mgawanyo wa mali duniani na lingehusu vilevile michoro, vito na farasi wa mashindano. Ikiwa wanasema kwamba bei hizo hazina mantiki, nimekwisha kuonyesha kwamba zina mantiki kali kupita kiasi: tarakimu moja kwenye chasisi inaweza kutenganisha mamilioni na nakala.

Kwa Mkenya wa kawaida mjadala wa kununua ng'ambo unakatizwa na sheria kabla haujafika kwenye fedha. Kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Kwa mwaka 2026 maana yake ni gari lililosajiliwa mwaka 2019 au baadaye. Magari mengi niliyoyataja yameshindwa kwa miaka hamsini na zaidi, na baadhi yana usukani kushoto. Yale ya kale yanayoletwa kutoka nje kwa ajili ya mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, huja kwa kibali cha muda na kuondoka mbio zikiisha. Kwa hiyo anayeshauri vijana wa Kisumu waache ploti wakatafute Alfa kwenye minada ya Ulaya anawashauri wanunue kitu ambacho hawataweza kukipokea Mombasa.

Je, sheria ilegezwe? Marekani huruhusu gari lililofikisha miaka 25 kuingia bila kulazimishwa kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya, na Uingereza huyaondolea magari ya miaka 40 kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Wapenzi wa magari nchini wanauliza kwa nini sisi tusifanye hivyo, na swali lao ni la haki: Lancia moja ya mwaka 1972 inayotoka nje Jumapili haichafui hewa ya Nakuru kama matatu moja inayotoa moshi kutwa nzima. Hata hivyo kanuni ya miaka minane iliwekwa ili nchi isigeuzwe jaa la magari yaliyochoka, na dirisha lolote litakalofunguliwa kwa jina la magari ya kihistoria litajaribiwa siku hiyohiyo na mtu mwenye Toyota ya mwaka 1996 anayedai kwamba nayo ni ya kihistoria. Mimi ningeunga mkono dirisha hilo kwa sharti kwamba kwanza tuwe na watu wanaoweza kutofautisha, na rejista ya magari ya aina hiyo ambayo tayari yako nchini. Bila hivyo tutakuwa tumempa wakala wa bandarini njia mpya ya kujaza fomu.

Jambo ambalo mjadala huu unalisahau ni kwamba historia ya magari ya Kiitaliano ya mashindano imeandikwa kwa sehemu fulani hapa kwetu. Mashindano ya magari ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na mwaka 2021 yalirudi kwenye ratiba ya mashindano ya dunia yakiwa na makao Naivasha, ndani ya kaunti yetu. Mwaka 1975 Lancia Stratos, gari lenye injini ya Ferrari Dino nyuma ya viti, lilimaliza la pili na la tatu, mbele yake ikiwa Peugeot 504. Mwaka 1988 Miki Biasion aliipatia Lancia ushindi wake wa kwanza wa Safari kwa Delta Integrale, akarudia mwaka 1989, na mwaka 1991 Juha Kankkunen akashinda tena kwa Delta. Hata ile 504 iliyoishinda Stratos, ambayo wazee wetu walipanda kama teksi ya abiria kutoka Nakuru kwenda Kisumu na Kakamega wakibanwa mpaka kwenye kiti cha nyuma kabisa, umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia. Na jijini Nairobi, maonyesho ya magari yaliyotunzwa vizuri, Concours d'Elegance, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong yameandaliwa kwa miongo na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo.

Gari la timu ya kiwanda lililokimbia hapa linapofika mnadani Ulaya, swali la kwanza la mnunuzi makini ni kama kweli lilikuwa hapa, na jibu hutafutwa katika picha zinazoonyesha nambari ya usajili, kadi za kurekodi muda za vituo vya ukaguzi, orodha za waliomaliza na kumbukumbu za mafundi. Sehemu ya ushahidi huo haiko Turin wala Maranello kule Italia. Iko kwenye masanduku ya waliokuwa wasimamizi wa vituo katika Bonde la Ufa, katika albamu za wapigapicha, na katika nyumba za familia za Kericho, mji alikozaliwa Joginder Singh aliyeshinda Safari mara tatu. Kila mwaka baadhi ya masanduku hayo huchomwa nyumba inaposafishwa baada ya mazishi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia warithi kwamba kadi yenye mhuri na tope ina mnunuzi. Makumbusho ya kaunti ingeweza kuanza kwa kuzikusanya na kuzipiga nakala za dijitali, kazi isiyohitaji jengo jipya wala kumwagiza mtaalamu kutoka nje.

Kwa mwenye gari, mambo ni mepesi zaidi. Mwenye Alfa iliyosimama nyuma ya nyumba kule Milimani, Fiat ya babu, au 504 ambayo bado ina injini yake, asiikimbilie sokoni kwa kuwa amesoma bei za Monterey, kwa sababu hatazipata. Ila kabla ya kumruhusu fundi kuibadilisha injini, aulize kama ile ya asili inaweza kufumuliwa na kutengenezwa. Na ikiwa haiwezekani, aipake grisi na kuiweka stoo badala ya kuiuza kwa kilo. Nambari ya chasisi aipige picha kabla ya fundi wa bodi kuifunika kwa rangi. Logbuku ya zamani asimkabidhi mtu yeyote kabla ya kutoa nakala yake kurasa zote, na risiti za gereji, hata zile zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, azihifadhi katika bahasha moja pamoja na stakabadhi ya siku gari liliponunuliwa. Mnunuzi wa Nairobi anayetafuta magari ya Concours ataiomba bahasha hiyo kabla ya kuomba funguo.